Mtalii Kwao Ukata

Frederick Ndunguru alirudi kwao akiwa mtalii. Alivaa kofia pana na miwani ya jua, mkononi ana fimbo ya kutembelea yenye ncha ya chuma, na miguuni viatu ambavyo muuzaji wa Kariakoo alimwapia kwamba vinapanda Kilimanjaro vyenyewe. Tumbo lilikuwa lake, hilo hakulinunua. Wenzake sita waliokuwa naye kwenye Kosta walikuwa wakibandika simu dirishani na kupiga picha milima ya Umatengo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyejua kwamba mzee huyu aliyekaa kiti cha nyuma aliwahi kuipanda milima ileile pekupeku, na mzigo wa kuni kichwani.

Msimcheke haraka. Mtu hafiki mahali pa kudanganya watu kuhusu kwao kwa siku moja.

Walikuwa Klabu ya Matembezi ya Kimara, wazee na nusu wazee ambao madaktari wao waliwaambia watembee au wajiandae. Kila Jumamosi walitembea, na kila mwaka mara moja walisafiri kwenda kutembea mbali, penye hewa. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Eliza, mstaafu, mzaliwa wa Liuli kule ziwani, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kupanga mistari ya asubuhi shuleni. Mwaka huu watatu walitaka Lushoto na watatu wakataka Mbinga. Ikabaki kura ya Frederick. Alikaa na simu mkononi siku mbili, akapiga kura ya Mbinga, kisha akashtuka kama mtu aliyekanyaga moto.

"Si ndiyo kwenu huko, Mzee Fredi?" Mwalimu Eliza alimuuliza Jumamosi iliyofuata.

"Mimi ni wa Songea mjini," alijibu. "Huko juu nimepasikia tu."

Njia ya mwongo ni fupi, ila uongo wake ulikuwa umeshatembea miaka kumi na tisa, na ulianza bila yeye kufungua mdomo. Frederick alikuwa dereva wa malori ya masafa. Mama yake alipofariki, yeye alikuwa Lubumbashi na lori bovu, simu haishiki. Ujumbe uliachwa kwenye yadi ya kampuni pale Dar es Salaam, akaukuta baada ya wiki tatu. Mama ameshazikwa. Alilia peke yake ndani ya kichwa cha lori, akasema atakwenda arobaini. Arobaini ikamkuta Ndola. Akasema Krismasi. Krismasi ikaja, akajiona ataingiaje mikono mitupu na maneno matupu, akasema Pasaka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Frederick liliuma mpaka likazoea. Mwaka wa tatu akabadilisha namba ya simu. Mwaka wa saba akianza kusikia Kimatengo sokoni anahamia upande wa pili wa barabara. Ndugu alikuwa naye mmoja tu, dada yake Hedwiga, aliyebaki kwenye shamba la kahawa la wazazi, na huyo ndiye aliyekuwa akimwogopa kuliko mzani wa malori wa TANROADS.

Basi alipopiga kura ile alijiambia atapita tu. Ataiona milima, atanusa moshi wa asubuhi, atashuka na wenzake mpaka ziwani, arudi Kimara. Hakuna atakayemjua. Alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele, sasa ni mzee mnene asiye nazo.

*

Mbinga mjini iliwapendeza wenzake mno, kiasi kwamba alianza kuona wivu, kama mtu anayesikia mkewe akisifiwa na wapita njia. Walipenda ubaridi. Walipenda kengele ya kanisa, na mama wa sokoni aliyewaongeza maparachichi mawili bila kuombwa. Zabron, aliyestaafu benki na mwenye viatu vya ghali kuliko vyote klabuni, alisimama kando ya barabara na fimbo zake mbili, akihesabu.

"Bodaboda wanne wamepita. Wote wanne wamenisalimia, na hakuna hata mmoja aliyetaka kunipeleka mahali."

"Wanakuona mgonjwa," alisema Mwalimu Eliza. "Watu wazima huku hawabebi fimbo mbili."

Asubuhi ya Jumatano mwenyeji wao aliwafuata. Alikuwa Devotha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Mkumbi aliyeolewa Ukata, mcheshi, na buti za mpira zimemfika magotini. Ni yeye aliyeanza kuweka picha za bonde lao mtandaoni, na kikundi cha akina mama kikakubali kupokea wageni. Kosta iliwafikisha barabara ilipoishia kwenye utelezi, wakaendelea kwa miguu. Ilikuwa mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, na ukungu ulikuwa ukipanda kutoka mabondeni taratibu. Migomba, mibuni, nyumba za tofali za kuchoma. Na miteremko yenyewe, imejaa ngoro kutoka juu mpaka chini, mashimo ya mraba yaliyopangwa safu kwa safu, kila shimo na kingo zake nne za udongo.

"Hii ndiyo ngoro," Devotha aliwaeleza. "Tunalaza nyasi miraba, tunazifukia kwa udongo, katikati panabaki shimo. Mvua ikinyesha maji yanaingia shimoni, hayabebi shamba. Mabibi zetu walilima hivi kabla hajaja mzungu wala bwana shamba."

Wageni wakasema ah na oh. Frederick aliendelea kutembea. Walipofika kijitoni Zabron alisimama kutafuta pa kuvukia, na Frederick, bila kufikiri, akapita mkono wa kushoto, akakanyaga jiwe la kwanza, la pili, akaruka la tatu ambalo halionekani mpaka umelifikia, akawa ng'ambo. Devotha alimtazama.

"Mzee una macho wewe."

"Bahati tu," alisema Frederick, na jasho likamtoka na ubaridi wote ule.

Kwa sababu alikuwa ameshaujua mgongo ule wa mlima. Wamatengo huuita ntambo, kipande cha mlima kilicho kati ya vijito viwili, ambacho ukoo mmoja hukaa na kulima. Ule uliokuwa mbele yao ulikuwa na mparachichi mkubwa uliopinda na nyumba mbili, moja ya bati jipya. Ulikuwa wa kwao.

"Tunakwenda kwa nani?" aliuliza, akiishusha kofia usoni.

"Kwa mama mkwe wangu. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Hedwiga. Leo anafukia ngoro za maharage, atawafundisha mshike jembe kidogo, mle, mchana mwende maporomokoni. Kesho nawakabidhi kwa watu wa ziwa."

Frederick alimvuta Mwalimu Eliza kando, akamwambia tumbo limevurugika na angependa kurudi akae kwenye Kosta.

"Tumbo gani? Umekula chapati tano asubuhi."

"Ndizo hizo."

"Mzee Fredi, ni wewe uliyepiga kura ya Mbinga. Wenzako walitaka Lushoto. Tembea!"

Akatembea. Kweli, hakuwa na pa kukimbilia. Na hapa lazima niseme ukweli ambao yeye asingeusema hata kwa fimbo: pamoja na hofu ile, miguu yake ilikuwa na furaha. Ilikuwa ikipanda kilima chenyewe, wala haikumsubiri.

*

Hedwiga aliwasubiri uani. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mfupi, kitenge kimefungwa juu ya sweta, kilemba kimekaa upande. Frederick alimwona akasahau kupiga hatua. Dada yake alikuwa amefanana na mama. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa amejiandaa kwa ukali, kwa kujulikana, hata kwa kufukuzwa, lakini si kwa kumkuta mama yake amesimama uani akiwakaribisha watu.

Hedwiga aliwashika mkono mmoja mmoja. Alimpa Frederick mkono wa kushoto, kama alivyowapa wote, akaomba radhi.

"Mnisamehe, wa kulia huu ulivunjika zamani nikiwa msichana, ukaungana vibaya. Mvua ikikaribia unanikumbusha. Karibuni sana, baba, karibuni."

Frederick aliushika mkono ule akainamisha uso chini ya kofia. "Ahsante, mama," alisema kwa Kiswahili cha Dar, na neno "mama" likamchoma ulimi. Hedwiga akapita kwa anayefuata.

Ililetwa chai ya maziwa na viazi vitamu. Zabron, aliyekuwa ameambiwa kwamba amefika nchi ya kahawa, aliulizia kahawa. Hedwiga alimtazama kwa huruma.

"Kahawa ya kuuza hiyo, baba yangu. Chai ndiyo ya kunywa."

Watu wakacheka, viti vikaletwa. Hedwiga akamwinamia mkwewe, akasema kwa Kimatengo, haraka na kwa sauti ya chini, "Huyo mnene mwenye kofia usimpe kile kiti cha mguu mbovu, atatuangukia."

Frederick alikuwa ameshainama nusu juu ya kiti chenyewe. Alisita, akainuka, akaenda kukaa kwenye benchi ukutani. Alipokwisha kukaa ndipo akaelewa alichokifanya. Aliinua macho polepole. Devotha alikuwa akimimina chai. Hedwiga alikuwa amesimama na sahani ya viazi, anamtazama. Ilikuwa kitambo kifupi tu. Kisha akamkaribisha kiazi kama alivyowakaribisha wengine.

Kiazi kile hakikupita kooni.

Shambani wageni walifanya vituko vyao. Huku Umatengo kazi ya ngoro imegawanywa tangu zamani, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba, wanawake hushika jembe, huchimba katikati ya mraba na kuutupa udongo juu ya nyasi pande zote nne mpaka zizame. Zabron alipewa nyasi alaze mraba mmoja, akalaza kitu chenye pembe tano. Mwalimu Eliza alishika jembe kwa hasira ya kialimu, akataka kujua kwa nini wanaume hawafukii.

"Wakifukia wataoza vidole?"

"Hawajui," alisema Hedwiga. "Wanatupa udongo kama wanazika mbwa. Mwanamume anayejua kufukia ngoro sijamwona hapa bondeni. Nilimwona mmoja tu."

Frederick alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake, akitazama kilele cha ng'ambo kwa bidii kubwa.

Saa sita Devotha aliwaita kula, halafu waende maporomokoni kabla mawingu hayajashuka. Wakateremka wakicheka, wamechafuka udongo mpaka kwenye miwani, wana raha ya watoto. Frederick alisema magoti yanamsumbua, atapumzika hapo juu kidogo, awakute. Safari hii Mwalimu Eliza hakubishana naye. Alimtazama, akatazama mlima, akaenda zake.

Hedwiga hakushuka. Kipande cha shamba kilikuwa kimebaki, miraba tisa au kumi iliyolazwa nyasi na haijafukiwa, na upande wa ziwa anga lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Nyasi zikinyeshewa kabla ya kufukiwa, maji yatazisomba na kazi ya wiki nzima itaishia kijitoni. Alishika jembe kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukisaidia tu, akachimba. Pigo moja, anapumzika. Pigo la pili, anauma midomo.

Frederick alisimama kama hatua ishirini kutoka kwake na kila pigo alilihesabu.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu mwaka ule mkono ulipovunjika. Baba alikuwa ameshafariki, mama anaumwa kitandani, na Hedwiga wa miaka kumi na sita ndiye aliyekuwa mkono wa nyumba. Akateleza kwenye mawe ya kijito na ndoo ya maji kichwani. Baba mdogo alikuja akalaza nyasi, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mwanamume, akaenda zake. Kufukia hakuna wa kufukia. Majirani kila mmoja ana lake, na maharage hayasubiri mkono upone. Basi asubuhi moja Frederick alichukua jembe la dada yake, akaingia mrabani. Hedwiga alikaa kwenye ukingo, mkono umefungwa vijiti, akimwelekeza: tupa juu, si hapo, geuka, rudi nyuma, nyasi zinaonekana, funika. Wavulana wenzake walipita njiani wakamwita Binti Fredi, na jina hilo lilimfuata mpaka alipopata leseni ya gari. Walifukia shamba zima, wakavuna, wakala.

Ilikuwa rahisi sana kuondoka. Njia ilikuwa pale, chini kulikuwa na ugali wa moto na wenzake, na kesho ziwa. Angekwenda Kimara akiwa amemwona dada yake, amemwona mzima, na hakuna ambaye angemlaumu kwa jambo asilolijua. Hilo ndilo alilolifuata. Alikuwa amelipata.

Hedwiga akapiga jembe tena, likamponyoka, akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto na kuinama.

Frederick aliweka fimbo ya Kariakoo chini, akavua kofia, akavua na miwani. Alishuka, akaliokota jembe, akaingia katikati ya mraba. Akachimba. Udongo wa kwanza aliutupa juu, wa pili akageuka, wa tatu akarudi nyuma. Mgongo ulilia na tumbo lilikuwa njiani kila alipoinama, lakini mikono haikusahau. Alimaliza mraba wa kwanza akaingia wa pili, anahema kama ng'ombe wa kukokota. Kila wakati alitegemea kusikia sauti nyuma yake, na sauti haikuja.

Alipofika wa tatu ikaja, kwa Kimatengo.

"Nyasi zinaonekana hapo kona. Funika."

Akafunika.

"Umenenepa," sauti ikasema.

"Ndiyo."

"Nywele umezipeleka wapi?"

"Zimekwenda zenyewe, dada."

Neno lile lilipotoka hakuweza tena kuinua jembe. Aligeuka. Hedwiga alikuwa amekaa kwenye ukingo wa ngoro, mkono mbovu mapajani, na machozi yanamtiririka hata hayafuti, na uso wake umewaka hasira. Vyote viwili pamoja.

"Ulikuwa wapi?"

Frederick alikuwa na majibu mengi. Alikuwa ameyatunga miaka yote barabarani, Tunduma, Kapiri, Kasumbalesa. Lori, simu, ugonjwa, kazi. Sasa aliyatafuta hakuona hata moja lenye kusimama mbele ya mwanamke yule.

"Mara ya kwanza nilichelewa," alisema. "Baada ya hapo niliona haya. Sina sababu nyingine, dada. Niliona haya, na kila mwaka ikawa kubwa."

"Haya!" Hedwiga alipiga udongo kwa kiganja. "Haya ya miaka kumi na tisa! Watu wanaua, wanafungwa, wanatoka, wanarudi kwao kuomba msamaha. Wewe ulimuua nani? Kila lori lililopotea Kongo mimi nilikuwa nauliza jina la dereva. Nimekuombea kama marehemu mwaka mmoja, mwaka wa pili nikaacha, nikaogopa nitakuua kwa sala. Na leo unaingia kwangu na miwani myeusi, unaniita mama, unakula kiazi changu!"

"Sikukila. Kilinikwama."

"Kingekukwama zaidi!"

Akapenga kamasi kwa ncha ya kitenge. Ngurumo ilipita mbali, upande wa ziwa. Frederick alibaki amesimama katikati ya shimo, jembe mkononi, na alihisi kama yuko mahali pake panapomstahili. Angekaa hapo mpaka kesho kama angeambiwa.

Hedwiga alipoanza tena, sauti ilikuwa nyingine.

"Siku ya mwisho mama alikuuliza. Alikuwa hasemi tangu juzi yake. Asubuhi akafumbua macho, akasema, Fredi amefika wapi? Sikujua hata kama umepata habari. Nikamwambia, yuko njiani, mama, amekaribia. Akasema, haya. Akalala. Saa kumi akawa ameondoka."

Frederick aliketi palepale, juu ya udongo alioutupa mwenyewe, akafunika uso kwa mikono.

"Nilimdanganya mama yangu akiwa anakufa," alisema Hedwiga. "Tangu mwaka ule, kila Kwaresima padri akija kigangoni kuungamisha, naungama uongo huo. Mapadri watatu wameshanisikia. Wote huniuliza kitu kimoja, mama, unajuta? Nami nawaambia, baba, bado sijajua. Nijuteje? Kama ungekuja hata baada ya mwaka, ningekuwa nilisema kweli. Nikasema ngoja nisijute kwanza. Wa kwanza alinigombeza. Wa pili akaniona nimezeeka akili. Huyu wa sasa ni kijana, anacheka tu, ananipa Salamu Maria kumi na kuniambia nirudi mwakani."

Frederick alikuwa analia wazi, kwa kelele, mzee wa miaka hamsini na tisa mwenye wajukuu, na hakujali ni nani aliyeko bondeni anayesikia.

"Ijumaa anakuja," dada yake akasema.

"Utamwambia nini?"

Hedwiga alifikiri. Aliufuta uso wake, akaunyoosha mkono ule mbovu kidogo kidogo mpaka ukaifikia shingo ya kaka yake, akaishika kwa nguvu, kama mtu anayeshika mbuzi aliyewahi kumtoroka.

"Nitamwambia ile ya mama aifute, haikuwa dhambi. Mtu alikuwa njiani kweli. Ila dereva mwenyewe mbovu."

Kicheko kilimtoka Frederick katikati ya kilio na vikagombana kifuani mpaka akakohoa. Hedwiga naye akacheka, kisha akalia upya, kisha akampiga bega kwa ngumi ya mkono wa kushoto, na ngumi ile iliuma.

Chini uani Devotha alikuwa amewasikia. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatazama juu kwa wasiwasi.

"Mama! Kuna nini huko? Mgeni ameumia?"

"Hakuna mgeni hapa!" Hedwiga alipaza sauti, na bonde zima likamsikia. "Waache hao wa maporomoko waende. Leta jembe la pili, mvua inakuja, na mjomba wa mume wako amebakiza miraba saba."